"Mwachie, Chris": maneno matano yaliyomfikisha Derek Bentley kitanzini

Jumapili, tarehe 2 Novemba 1952, muda mfupi baada ya saa tatu usiku, mtoto wa kike wa miaka tisa huko Croydon, kusini mwa London, aliwaona vijana wawili wakiparamia geti la ghala lililotazamana na nyumba yao. Wazazi wake wakaita polisi. Ghala lile lilikuwa la kampuni ya Barlow & Parker, katika barabara ya Tamworth. Polisi walipofika, vijana walikwisha kupanda bomba la maji na walikuwa juu ya paa, paa bapa lenye vibanda vya kujificha nyuma yake.

Mmoja aliitwa Christopher Craig, umri miaka 16, na mfukoni alikuwa na bastola aliyoikata mtutu. Siku chache kabla, kaka yake Niven alikuwa amehukumiwa kifungo cha miaka 12 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, na kijana alikuwa na uchungu na polisi. Mwenzake ni Derek Bentley, umri miaka 19, ana kisu ambacho hakukichomoa usiku kucha, na kile chuma cha kuvaa vidoleni ili ngumi ivunje mfupa, alichopewa na Craig. Bentley alikuwa na kifafa. Hakujua kusoma wala kuandika. Vipimo vilikadiria akili yake kuwa sawa na ya mtoto wa miaka 11.

Mpelelezi Frederick Fairfax ndiye aliyetangulia kupanda. Akamkamata Bentley, Bentley akamponyoka, na hapo, kwa mujibu wa maaskari watatu, Bentley akapaza sauti: "Let him have it, Chris." Craig akafyatua. Risasi ikampata Fairfax begani, lakini mtu yule alikuwa na moyo: aliinuka, akamkamata Bentley mara ya pili, akamshikilia. Bentley hakupigana tena, wala hakujaribu kukimbia. Kiasi cha robo saa baadaye, huku Bentley yumo mikononi mwa polisi, askari Sidney Miles alitokeza kwenye mlango wa ngazi na kupigwa risasi ya kichwa. Akafa palepale. Risasi zilipomwishia Craig, alijitupa kutoka juu ya paa, karibu mita tisa, akavunjika uti wa mgongo na kifundo cha mkono, lakini akapona.

Kisa hiki kinajulikana sana na wanasheria. Nakirudia kwa sababu mimi ni mfasiri, na kwa mfasiri kina mambo mawili ambayo sijaona yakichambuliwa kwa Kiswahili. La kwanza ni yale maneno matano. La pili ni neno moja dogo zaidi ya yote hayo, ambalo hakuna aliyelitazama kwa miaka 40.

Tuanze na sheria, kwa ufupi. Bentley hakushika bastola na hakumgusa Miles. Ili anyongwe kwa kosa la kuua, upande wa mashtaka ulipaswa kuonyesha kwamba yeye na Craig walikuwa na nia moja ya kupambana na polisi kwa nguvu, na kwamba nia hiyo ilikuwa bado hai Miles alipouawa. Kanuni hii tumeirithi. Imo katika kifungu cha 21 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya na kifungu cha 23 cha ile ya Tanzania. Sasa nia haionekani kwa macho. Hupatikana katika matendo na maneno ya mtu, na matendo ya Bentley juu ya paa lile yalikuwa ya mtu aliyekwisha kukata tamaa. Yakabaki maneno.

"Let him have it." Nimewahi kuwauliza wenzangu wa kazi wayafasiri bila kuwaeleza yalisemwa wapi. Mmoja aliandika "mpe". Mwingine "mwache awe nacho". Wa tatu aliniuliza, "Nini hicho anachopewa?" Huyo wa tatu ndiye niliyempenda, maana swali lake ndilo swali la kesi yote.

Neno lenye kisa hapa ni "have". Shuleni tulifundishwa kwamba maana yake ni "kuwa na", na mwalimu hakutudanganya, ila alituonyesha mlango mmoja wa nyumba yenye milango mingi. Mwingereza akiwa na mtoto, ni "have". Akijifungua mtoto, ni "have" pia. Akila chakula cha mchana, "have". Akilazimika kuondoka, "have". Akiwa ameshaondoka, "have" tena, na hapo neno halina maana yake yenyewe bali linafanya kazi ya kile kiungo chetu "-me-". Akienda kunyolewa, husema ana-"have" nywele zake zikatwe. Akilaghaiwa sokoni, husema amekuwa "had". Akikataa upuuzi wa mtoto wake, husema hata-"have" jambo hilo nyumbani kwake. Kiswahili kina kitenzi chake kwa kila moja ya hayo: kula, kujifungua, kunyolewa, kulaghaiwa, kukubali. Na kwa maana ile ya kwanza kabisa hatuna hata kitenzi: sisi husema mtu yuko "na" kitu, wameandamana tu.

Ukiligandisha "have" na "it", mambo yanazidi kuwa magumu, kwa sababu "it" ya Kiingereza si lazima ielekeze kwenye kitu chochote. Uvumi uki-"have it" kwamba fulani amefilisika, sisi husema "yasemekana", na ile "it" haimo. Mtu akiwa na kinyongo na mwenzake, Mwingereza humwambia ana-"have it in" kwa ajili yake, "it" ipi? Hakuna. Gari likiwa limekufa kabisa, fundi husema lime-"had it". Katika misemo ya namna hii "it" ni kiti kitupu kilichowekwa mezani kwa sababu sarufi inataka viti vyote vipangwe.

Basi katika "let him have it" kuna "it" mbili zinazofanana kwa sauti na kuachana kwa maana. Moja ina kitu nyuma yake: bastola. Craig anayo, askari anaitaka, Bentley anasema mpe. Nyingine ni kiti kitupu, na msemo mzima, kwa desturi ya siku nyingi ya Kiingereza, unamaanisha mshambulie, mpige, mfyatulie. Maneno ni yale yale, mpangilio ni ule ule. Maana moja ni ya kijana anayemsihi mwenzake asalimu amri, na nyingine ni ya kijana anayemwamuru aue.

Kwa Kiswahili ingekuwaje? Wengi hudhani lugha yetu isingeweza kubeba utata huu, kwa sababu ngeli zinambana msemaji. Ni kweli kwa sehemu. Ukisema "mpe hiyo", bastola inaingia kwenye ngeli yake na kila mtu anaiona. Ukisema "mpe vidonge vyake", kila aliyekulia uswahilini anajua hapatolewi dawa. Ngeli ni shahidi mzuri. Lakini msemaji wa Kiswahili akiwa na haraka huitupa ngeli. Uwanjani mchezaji hupiga kelele "Mpe! Mpe!" akitaka mwenzake apasiwe mpira. Wanaposhikana watu wawili mtaani, walioketi kibarazani hupiga kelele hiyo hiyo, "Mpe! Mpe!", na hakuna mpira.

Halafu kuna "mwachie". Nililifikiria neno hili kwa muda mrefu kabla ya kuamini linavyolingana. "Mwachie" ni mwache awe nacho, acha kitu mkononi mwake: mwachie askari hiyo bastola. "Mwachie" ni pia mfungue, usimshike tena. Na "mwachie" ni kile wanachokisema watangazaji wa mpira mshambuliaji anapoachia shuti, kile anachokieleza mtu aliyeshuhudia ugomvi: akamwachia kofi, akamwachia ngumi, akamwachia risasi. Kama tukio lile lingetokea juu ya ghala la Kariakoo au la Industrial Area, na kijana mmoja akapaza sauti "Mwachie!", sisi nasi tungekuwa mahakamani tunabishana. Siyaoni maneno matano ya Kiingereza yakifasirika vizuri kuliko hivyo, pamoja na ugonjwa wake.

Kuna jambo moja ambalo watu wengi wanaosimulia kisa hiki hulikosea, nami nalitilia mkazo. Kesi haikuendeshwa juu ya utata huo. Ilisikilizwa katika mahakama ya Old Bailey, London, tarehe 9 hadi 11 Desemba 1952 mbele ya Lord Goddard, Jaji Mkuu wa Uingereza, na pale kizimbani Bentley hakusema "nilimaanisha ampe bastola". Alisema hakuyatamka maneno hayo. Craig naye alisema hakuyasikia, na aliendelea kusema hivyo miaka mingi baadaye. Utetezi ule wa "mpe bastola" ulikuja kushika kasi baadaye, katika vitabu na mabishano ya watu. Ninaelewa kwa nini wakili hakuutumia: mteja wake anasema hakutamka kitu, huwezi kusimama ukasema hakutamka, na pia alipotamka alikuwa na maana njema. Tena anayesema "mpe bastola" anakiri alijua bastola ipo, na hilo nalo lilikuwa kaa la moto.

Ushahidi wa polisi wenyewe, hata hivyo, ulikuwa na kipande ambacho kingepaswa kusomwa sambamba na maneno yale matano. Ilielezwa kwamba baada ya Fairfax kupigwa begani, Bentley alisema alikuwa amemwambia yule mpumbavu asiitumie. "Not to use it." Angalia "it" hiyo. Ukiifasiri, Kiswahili kinakulazimisha uiandike: asi-i-tumie. Hiyo "i" ni bastola, haina pa kujificha. Mtu ambaye dakika chache kabla aliamuru risasi ipigwe, sasa anasema alikataza. Inawezekana alikuwa anajitetea. Inawezekana pia kwamba "it" ya kwanza na "it" ya pili zilikuwa kitu kimoja. Baraza la wazee wa mahakama lilistahili kuelezwa kwa utulivu kwamba njia zote mbili zipo.

Hawakuelezwa. Goddard, katika muhtasari wake, aliuvaa ule ushahidi mkononi kwa maana halisi ya neno: alikitia kile chuma vidoleni mwake awaonyeshe. Akawaambia kwamba maaskari wale watatu walikuwa na ushujaa wa kupigiwa mfano, akawauliza kama wako tayari kusema kwamba ni waongo wa kupigiwa mfano. Hoja ya namna hii huniumiza kila ninapoisoma. Fairfax alikuwa shujaa kweli, alitunukiwa nishani ya ushujaa ya George Cross na aliistahili. Lakini ushujaa wa mtu unathibitisha nini kuhusu maneno aliyoyasikia gizani, huku akipigania maisha yake?

Wazee wa baraza walitoka kwa dakika 75. Waliporudi, walitamka kwamba washtakiwa wote wawili wana hatia ya kuua. Kwa Bentley waliongeza ombi la huruma. Craig, kwa kuwa hakutimiza miaka 18, sheria haikuruhusu anyongwe. Aliwekwa kizuizini na kuachiliwa Mei 1963. Bentley, ambaye hakufyatua kitu, alihukumiwa kifo, kwa maana sheria haikumpa jaji adhabu nyingine. Kiasi cha wabunge 200 walisaini kuomba asinyongwe; Spika hakuruhusu jambo hilo lijadiliwe kabla hukumu haijatekelezwa. Waziri wa Mambo ya Ndani, David Maxwell Fyfe, alikataa kumsamehe. Tarehe 28 Januari 1953, saa tatu asubuhi, katika gereza la Wandsworth, mnyongaji Albert Pierrepoint akamnyonga. Tangu usiku wa paa zilikuwa zimepita siku 87.

Kabla ya kuyaacha maneno yale matano, kuna kesi ya nyuma yake. Mwaka 1940, huko Coundon katika jimbo la Durham, askari William Shiell alipigwa risasi akiwafukuza wezi. Kabla ya kukata roho aliacha maelezo kwamba mmoja wao alisema: "All right, let him have it. He is all alone." Watu wawili, Vincent Ostler na William Appleby, walinyongwa, na Appleby alinyongwa ingawa hakuwa mpigaji. Kesi hiyo ilichapishwa katika ripoti za sheria. Wapo waliojiuliza kama maneno ya Croydon hayakutoka juu ya paa bali katika kumbukumbu ya kesi ile. Siwezi kulithibitisha hilo na sitalisema kana kwamba nimelithibitisha. Ninachoweza kusema kama mtu wa lugha ni kwamba maneno ya 1940 yana mkia, na mkia huo unafunga mlango: "yuko peke yake". Humpi mtu bastola yako kwa sababu yuko peke yake. Maneno ya Croydon hayana mkia. Yana jina tu, "Chris".

Sasa niingie kwenye lile neno dogo, na hapa nitakaa.

Usiku ule ule, kuelekea alfajiri ya tarehe 3, Bentley alitoa maelezo kituoni. Yapo, maneno 582, yamesainiwa na kijana aliyeweza kuandika jina lake kwa shida. Polisi walieleza mahakama, kwa kiapo, kwamba alisimulia mwenyewe mfululizo, wao wakiandika alivyotamka, bila kumuuliza maswali. Maelezo hayo yalimuumiza. Mahali fulani katikati yanasema: "I did not know he was going to use the gun." Mbele zaidi yanasema kwamba hakujua Chris ana bastola mpaka alipofyatua. Goddard alizishika sentensi hizo mbili zilivyogongana, akaonyesha kwamba mshtakiwa si wa kuaminika. Na kwa kweli "the" iliyo mbele ya "gun" inauma: msikilizaji anaelewa ni bastola inayojulikana tayari, ilhali hadi hapo simulizi haijaitaja bastola yoyote. Kiswahili hakina "the", lakini kina njia yake. "Sikujua atatumia bastola" ni kitu kimoja. "Sikujua ataitumia bastola" ni kingine. Silabi moja tu, na mtu ameshakiri kwamba aliijua.

Lakini sentensi ya kwanza imetoka wapi? Mtu anayesimulia mambo yalivyotokea hueleza yaliyotokea. Hana sababu ya kusimama katikati ya kupanda bomba na kujificha akaanza kuorodhesha asiyoyajua, isipokuwa ameulizwa. "Ulijua kwamba ataitumia bastola?" "Sikujua." Kisha mwandishi anayaunganisha swali na jibu, anaweka sentensi moja kinywani mwa aliyejibu, na ile "the" iliyokuwa ya askari inakuwa ya Bentley.

Miaka ya 1990 Malcolm Coulthard, mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Birmingham, aliyachukua maneno yale 582 na kuyapima. Alizitazama hizo kanusho zilizochomoza pasipo sababu, halafu akaliona "then". Neno hili kila mwanafunzi wa Kiingereza analijua na hakuna anayelifikiria. Lina kazi nyingi zisizohusiana: wakati ule, baada ya hapo, kama ni hivyo, tena pia. Kwa Kiswahili huwa "kisha", "halafu", "basi", "ndipo", "wakati ule". Katika maelezo ya Bentley limejitokeza mara 10, yaani mara moja katika kila maneno 58. Je, ni mengi? Coulthard alilinganisha. Katika hazina ya Kiingereza cha kuzungumzwa iliyokusanywa Birmingham, "then" hutokea mara moja katika maneno 500 hivi. Katika maelezo ya mashahidi wa kawaida aliyoyapima, mara moja katika maneno 930. Katika maelezo ya maaskari, mara 29 katika maneno 2,270, ambayo ni mara moja katika kila maneno 78.

Sampuli za mashahidi na maaskari zilikuwa ndogo, na anayetaka kubisha anaweza kuanzia hapo. Lakini kuna la pili, na hili ndilo lililonifanya nisimame na kutembea chumbani nilipolisoma mara ya kwanza. Haikuwa wingi tu wa "then", bali mahali linapokaa. Mtu wa kawaida husema "then I", "kisha mimi". Maelezo ya Bentley yana "I then", "Chris then": "Chris then jumped over and I followed." Katika hazina ile ya mazungumzo, "I then" hupatikana mara moja katika maneno 165,000. Kwa Bentley imo mara tatu, takriban mara moja katika kila maneno 190. Kwa maaskari, mara moja katika kila maneno 119. Hiyo ni lugha ya daftari la polisi. Askari huandika hivyo kwa sababu kazi yake ni kupanga matukio kwa mfuatano, saa kwa saa, na baada ya miaka michache kalamu yake haijui tena njia nyingine. Kijana asiyejua kusoma, mwenye akili ya miaka 11, hakuzaliwa na lugha ile wala hakuwa na mahali pa kuiokota.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuamini hili kwa tarakimu peke yake. Amelisikia kwa masikio yake. "Mnamo majira ya saa nne usiku nikiwa maeneo ya stendi nilimwona mtuhumiwa." Nani husema hivyo nyumbani? Mama anayeeleza jinsi alivyoporwa mkoba husema, "Nilikuwa natoka kazini, nafika pale stendi, huyu kijana akanijia." Ukikuta katika maelezo yake "mnamo majira ya" na "maeneo ya", unajua kalamu ilikuwa ya nani, hata kama dole gumba chini ni la mama.

Na sasa jambo linalonisumbua kazini. Chukua sentensi ile, "Chris then jumped over and I followed," uifasiri vizuri, kama mfasiri mwenye sifa anavyotakiwa. Utaandika: "Chris akaruka, nami nikamfuata." Ni Kiswahili safi. "Then" imeingia ndani ya "-ka-" na kuyeyuka, kama sukari kwenye chai, kwa kuwa "-ka-" yetu ndiyo inayobeba mfuatano wa visa na haihitaji neno la pembeni. Sentensi imekuwa nzuri kuliko ya kwanza, imekuwa ya kijana anayesimulia. Alama ya mkono wa askari imefutika, na mfutaji ni mimi. Maneno yale 582 yangefikishwa mbele ya hakimu kwa Kiswahili changu kizuri, Coulthard asingekuwa na kitu cha kuhesabu.

Hili si la Croydon tu. Kenya, maelezo mengi hutolewa kwa Kiswahili au lugha ya mama na kuandikwa kwa Kiingereza hapo hapo kituoni, na aliyeyatoa husaini Kiingereza. Tanzania, tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya mahakama, nami nilifurahi siku hiyo kama mtu aliyerudishiwa kitu chake. Lakini miaka mingi ya kumbukumbu za kesi iko katika Kiingereza cha watu ambao hawakusema Kiingereza. Ndani yake kuna "let" na "have" na "then" ambazo hakuna mshtakiwa aliyezitamka.

Kwa Bentley, haki ilikuja kwa mwendo wa kobe. Baba yake William na dada yake Iris hawakuacha. Mwaka 1966 familia iliruhusiwa kuyatoa mabaki yake gerezani na kuyazika Croydon. Mwaka 1993 alipewa msamaha nusu: adhabu ilifutwa, hatia ikabaki, kana kwamba walisema tusingalikunyonga lakini uliua. Iris alifariki mwaka 1997. Tarehe 30 Julai 1998 Mahakama ya Rufaa, ikiongozwa na Lord Bingham, ilifuta hatia yenyewe. Uchambuzi wa Coulthard ulikuwa mbele ya majaji, lakini nguzo ya uamuzi haikuwa "then" wala "have". Ilikuwa ule muhtasari wa Goddard, uliomnyima mshtakiwa kesi ya haki, haki ambayo Bingham aliiita ya kuzaliwa nayo ya kila raia wa Uingereza. Nimeridhika kwamba ilikuwa hivyo. Wanaisimu walikuwa na tarakimu nzuri, lakini kosa kubwa kuliko yote lilifanywa na jaji aliyesikia maneno yenye njia mbili akawaonyesha wazee njia moja.

Nikipewa leo maelezo ya kesi ile niyafasiri kwa ajili ya mahakama, pale kwenye maneno matano ningeandika "Mwachie, Chris," na nisingeongeza "risasi" wala "bastola" hata wakili wa upande gani aniombe. Na pale kwenye "Chris then jumped over" ningeivunja sentensi yangu nzuri. Ningeandika: "Chris kisha akaruka," hivyo hivyo, neno likiwa limekaa mahali pasipo pake.